Maswali ya wasomaji: Aiskrimu ya Kituruki inayovutika, nani aliianza?

Toleo lililopita tuliweka picha ya yule muuza aiskrimu wa Istanbul mwenye kofia nyekundu na chuma kirefu mkononi, na kusema kweli sikutegemea picha moja italeta meseji nyingi kiasi hiki. Nimechagua zile zinazouliza vitu tofauti, zile za "hivi inaliwaje bila kuyeyuka" ziko nyingi nimeziunganisha pamoja.

Mhariri habari za kazi. Nimetumiwa video ya duka la aiskrimu la Kituruki, wanasema familia yao inafanya hiyo kazi tangu 1850. Kwenye komenti mtu kaandika aliyeigundua ni bwana mmoja anaitwa Osman Ağa aliyesahau sufuria kwenye theluji. Naomba kujua ukweli, ni ya mtu mmoja, ni ya familia moja, au ni maneno ya biashara tu?

Kazi nzuri, asante. Nianze na mahali maana hapo hamna ubishi. Aiskrimu hii kwao ni Kahramanmaraş, mji wa kusini mwa Uturuki ulio chini ya mlima Ahır, mlima uliopita mita 2,000 kwenda juu na wenye theluji ya kutosha kila msimu wa baridi. Wenyeji wanauita Maraş tu. Hilo la Kahraman, yani shujaa, waliongezewa na bunge la Uturuki mwaka 1973 kwa heshima ya walivyopigana na jeshi la Ufaransa mpaka likatoka mjini Februari 1920. Kwa hiyo ukiona kibao kimeandikwa Maraş dondurması, dondurma ndo aiskrimu, na Maraş ndo huo mji.

Familia inayotajwa na huo mwaka 1850 ni ya akina Kanbur, wenye kampuni ya MADO, jina ambalo wamelikata kwenye Maraş na dondurma wakaliunga. Kabla ya kuwa kampuni kubwa walikuwa na duka lao palepale Maraş linaloitwa Yaşar Pastanesi, pastane ni duka la keki na vitamu, na kutoka hapo wakatanuka mpaka leo wana matawi Uturuki yote na nje ya nchi. Hao wenyewe ndo wanaojitambulisha kwamba kazi ni ya vizazi na asili yake ni 1850.

Sasa hiyo 1850 uichukuliaje? Mimi naichukua kama kumbukumbu ya mdomo ya familia, sio kama cheti cha usajili, na sababu zangu sio kwamba nawadharau. Uturuki walibadilisha herufi mwaka 1928 wakaacha za Kiarabu wakaingia za Kilatini, alafu 1934 ikaja sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo. Kabla ya hapo fundi wa mtaani alijulikana kwa jina lake na la baba yake, au kwa heshima kama Ağa na Usta, au kwa kazi anayoifanya, sasa ukitaka kumfuata muuza aiskrimu mmoja kutoka leo kurudi nyuma miaka mia na sabini unavuka hizo kuta mbili kwanza, na familia nyingi za mafundi hazikuwa na muda wa kuandika vitabu, walikuwa wanakoroga maziwa. Linganisha na Vefa Bozacısı ya Istanbul, wale wauza boza, kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, wao wanahesabu kuanzia 1876 na bado wapo mtaa uleule wa Vefa ambao ndo jina lao. Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waosmani iliyotawala kabla ya jamhuri ya leo, ulikuwa na macho mengi ya kuona na mikono mingi ya kuandika, Maraş ulikuwa mji wa mbali chini ya mlima.

Ya Osman Ağa ndo tamu zaidi na ndo ninayoiamini kidogo zaidi. Inasimuliwa hivi: alikuwa anauza salepu, unga wa viazi vya okidi, mimea ya maua ya porini, ambao Waturuki wanaukoroga kwenye maziwa ya moto na sukari wakati wa baridi na kunyunyizia mdalasini juu. Siku moja kinywaji kikabaki, akakiweka kwenye theluji kisiharibike, asubuhi akakuta kimeganda na ukikivuta kinanyumbuka. Basi aiskrimu ikazaliwa.

Hadithi nzuri, ila imeruka vitu viwili ambavyo ukimuuliza fundi yeyote atakwambia ndo kazi yenyewe. Cha kwanza ni chumvi. Theluji peke yake ina baridi ya nyuzi sifuri, na maziwa yenye sukari hayagandi kwenye sifuri, yanataka chini ya hapo. Usiku wa baridi kali kweli sufuria inaweza kuganda huko nje, sawa, lakini hutafanya biashara ya kiangazi kwa njia hiyo, na nani alitaka kununua aiskrimu usiku wa baridi kali? Ukichanganya theluji na chumvi ndo baridi inashuka, ukipatia vipimo inaweza kufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na hapo chombo cha maziwa ukikiweka katikati kinaganda hata kama nje jua linachoma. Cha pili ni mkono. Maziwa yenye salepu yakiganda yenyewe bila kupigwa yanakuwa donge gumu lenye chengachenga za barafu, hayavutiki. Kuvutika kunatokana na kupigwa na kukandwa muda mrefu, na ndo maana Waturuki wenyewe wanaiita dövme dondurma, aiskrimu ya kupigwa.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa ilianzaje, simtafuti mgunduzi, natafuta nani pale Maraş alikuwa na theluji mwezi wa saba. Na hapo mambo yanakaa sawa. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ni theluji. Wakati wa baridi wanaishindilia kwenye mashimo huko mlimani, wanaifunika isiguswe na joto, kiangazi kikifika wanaikata mabonge wanaishusha mjini kwa wanyama. Haikuwa kazi ya kienyeji tu, hata kasri la sultani kule Istanbul lilikuwa na afisa wa theluji, karcıbaşı, na theluji yao ilitoka mpaka mlima Uludağ kule Bursa. Maraş theluji ilikuwa inaliwa hivihivi, wanaikwangua wanaimwagia pekmez, ile asali nzito inayopikwa kwa maji ya zabibu, wanaita karsambaç, na bado inauzwa huko kusini kiangazi. Hicho ndo naona kama babu wa aiskrimu ya Maraş kuliko sufuria ya Osman Ağa.

Sasa mtu ambaye tayari anauza karsambaç ana theluji, ana wateja, ana kibanda. Jirani yake anauza salepu ya moto wakati wa baridi na kiangazi hana biashara. Na mlimani kuna mbuzi kila mahali. Hizo kazi tatu zikikutana kwenye nyumba moja, kwa ndoa au kwa ubia au kwa mtu tu kuchoka kukaa miezi sita bila kipato, unapata familia inayouza salepu wakati wa baridi na aiskrimu wakati wa kiangazi. Hivyo ndo navyoisoma asili ya hizi familia, na ni familia kwa wingi, sio moja, kwa sababu Maraş ilikuwa na mabwana aiskrimu kadhaa na mpaka leo wapo wenye maduka yao ambao hawahusiani na hiyo kampuni kubwa.

Na ungewakuta kazini enzi hizo ungeona hivi. Pipa la mbao, ndani yake chombo kirefu cha shaba kilichopakwa bati, katikati ya viwili hivyo theluji na chumvi. Mmoja anakizungusha chombo huku na huku, maziwa yanayoganda pembeni yanabanduliwa kwa chuma kirefu chenye bapa mwishoni, yanarudishwa katikati, tena na tena. Maji ya chumvi yanatoka kwa chini, theluji inaongezwa. Mwanzo ni uji mwepesi, baadaye unakuwa mzito, baadaye fundi anazamisha chuma anainua na donge lote linamfuata juu kama kamba nene bila kukatika. Hapo ndo imeiva. Mabega ya hao watu ungeyajua hata gizani.

Mbona haiyeyuki haraka? Nimeona wanaining'iniza kwenye ndoano kama nyama na wanaikata kwa kisu. Wameweka kemikali gani? (Swali hili limekuja kwa namna nyingi, nimelifupisha.)

Hamna kemikali ya ajabu ndugu zangu, kwa ile ya asili lakini, za viwandani siziapii. Ile ya asili ni maziwa ya mbuzi, sukari na salepu, basi. Wengine wanaongeza mastiki, utomvu mkavu wa mti unaotoka kisiwa cha Chios cha Ugiriki, unaleta harufu na kutafunika kidogo, lakini Maraş yenyewe ile nyeupe ya kawaida inasimama bila huo.

Salepu ndani yake ina kitu kinaitwa glukomanani, ni nyuzinyuzi ambazo zikikutana na maji zinayanywa na kuvimba mara nyingi. Maji yakishashikwa hivyo hayapati nafasi ya kujikusanya kuwa vipande vikubwa vya barafu, na joto likija hayaachiliwi kwa mpigo. Ndo maana inalegea polepole badala ya kugeuka maziwa mkononi. Ongeza la pili ambalo watu wanalisahau, ni hewa. Aiskrimu nyingi za kiwandani inapigwa hewa mpaka nusu ya ujazo wake inaweza kuwa hewa tupu, ndo maana ni laini na nyepesi na dakika chache juani imekwisha. Hii ya kupigwa kwa chuma hewa inatolewa, inabaki imeshikana, ukilinunua bakuli unapata bakuli kweli.

Kuhusu ndoano na kisu, huo ndo ulaji wake wa kwao. Maraş ukikaa mezani unaletewa kipande kwenye sahani, kimenyunyiziwa pistachio iliyosagwa, na kisu na uma. Saa nyingine kipo pembeni ya baklava, kitamu cha tabaka nyembamba za unga na njugu. Koni ni ya mtu anayetembea.

Mimi nilitaka kujua ule mchezo wa kumzungusha mteja, unadhani umepata koni kumbe huna, je ni mila yao ya zamani? Maana mwanangu analia akiona video zake, anasema wanamwonea yule mtoto.

Mpe pole mwanao, wako watu wazima wengi wanaona hivyohivyo na hawasemi.

Ule mchezo una mguu mmoja kwenye kazi na mmoja kwenye utalii. Mguu wa kazi: aiskrimu ya namna hii ikikaa tu inakazana, muuzaji lazima aichokoe na kuigeuza kila mara kwa kile chuma, na kwa kuwa inanata, koni ukiigusisha kwenye donge lililo kwenye ncha ya chuma inabebwa nzima. Mtu akishika hicho chuma kutwa nzima lazima ataanza utani nacho, nadhani hata wewe ungefanya. Kengele zinazogongwa nazo ni za kuita wateja, kila muuza vitu vya kutembeza duniani ana sauti yake.

Mguu wa utalii ni hiyo nguo. Kizibao cha nakshi na fezi, ile kofia nyekundu, hiyo ndo picha ya Kituruki ambayo mgeni anaijia mtaa wa İstiklal Caddesi pale Istanbul. Kinachonichekesha ni kwamba fezi ilipigwa marufuku na sheria ya kofia ya mwaka 1925, serikali ya Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, ilitaka watu wavae kofia za Kizungu, na enzi hizo kuvaa fezi hadharani ulikuwa unajitafutia kesi. Leo inauza aiskrimu. Ukienda kwa wazee wa kazi Maraş wapo waliovaa aproni nyeupe tu na hawana muda wa kukuchezea, wanakukatia wanakupa.

Kwa nini hii biashara inakaa kwenye familia tu? Kuna siri ya mapishi wanayoficha?

Vitu vitatu utavifichaje? Maziwa ya mbuzi kila mtu anayajua, sukari ya dukani, salepu inauzwa. Siri kama ipo haiko kwenye karatasi.

Kazi za mikono za Waturuki tangu enzi za Waosmani zilikuwa na ngazi zake, unaanza çırak, mtoto wa kazi, unafagia, unabeba theluji, unaosha shaba, baadaye unakuwa kalfa unayeaminiwa kushika chuma, mwisho kabisa wenzako wanakuita usta. Mtoto wa kwanza kupatikana kwa kazi hiyo ni wa nyumbani, halipwi na hakimbii. Anakua akijua kwa jicho lini maziwa yamechemka kiasi, salepu inyunyizwe taratibu kiasi gani isifanye madonge, donge linavyolia kwenye chuma likikaribia. Kitu cha namna hiyo huwezi kumwelekeza mtu kwa simu. Na kuna maziwa, ambayo watu wa Maraş hawaachi kuyasifia, wanasema mbuzi wanaokula majani ya mlima Ahır maziwa yake yana mafuta na harufu ambayo hupati bondeni. Unaweza kusema ni majivuno ya wenyeji, lakini familia yenye uhusiano wa miaka na wafugaji walewale inapata maziwa mazuri kabla yako, na hiyo nayo ni mali ya kurithi.

Kilichobadilisha mambo ni umeme. Mashine za kugandisha zilipoingia karne iliyopita wabeba theluji wa mlimani wakabaki bila kazi, na familia zilizokuwa zinauza miezi michache zikaweza kuuza mwaka mzima. Hapo ndo wengine wakawa kampuni na wengine wakabaki na duka moja. Siku hizi hata kupiga kunafanywa na mashine yenye vyuma viwili vinavyopanda na kushuka, ila mafundi wengi wanamalizia kwa mkono, na wateja wao wanasema tofauti inaonekana mdomoni.

Mume wangu anasema hii ni ya Wasyria, Waturuki wameiba. Tumebishana jioni nzima. Nani yuko sahihi?

Dada, mumeo ana nusu ya hoja kwa hiyo usimfukuze. Damascus, ndani ya soko la Hamidiyeh, kuna duka linaitwa Bakdash, la mwaka 1895, ambalo wanapiga aiskrimu yao kwa nyundo ndefu za mbao mpaka inavutika, ina salepu na mastiki, juu wanaibandika pistachio nene. Wanaiita buza. Ukizionja mbili unajua ni ndugu.

Anachosahau ni kwamba wakati huo hakukuwa na mpaka wa Uturuki na Syria wa kuiba kitu na kukivusha. Wote walikuwa chini ya dola moja, na Maraş yenyewe nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa chini ya jimbo la Aleppo, yani mfanyabiashara wa Maraş serikali yake ya jimbo na soko lake kubwa vilikuwa Aleppo, mji ambao leo uko Syria. Salepu, pistachio, shaba, mafundi, vyote vilipita njia moja. Wagiriki nao wana yao inaitwa kaimaki, salepu na mastiki vilevile. Mpaka ukaja kuchorwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, na kila upande ukajikuta na aiskrimu "ya taifa". Mwambie mmetoka sare.

Baada ya lile tetemeko la Maraş hawa watu bado wapo?

Wapo, lakini swali lako ni zito. Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023 saa kumi na dakika kumi na saba lilipiga tetemeko la 7.8, kitovu chake wilaya ya Pazarcık, mkoa huohuo wa Kahramanmaraş, na mchana wa siku hiyohiyo likapiga lingine la 7.5 upande wa Elbistan, mkoa uleule. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000. Katikati ya mji wa Maraş majengo mengi yalilala chini, na maduka ya zamani yanakaa katikati ya mji. Familia zenye matawi Istanbul na kwingine zilikuwa na pa kushika, wenye duka moja na nyumba juu yake walipoteza vyote viwili kwa dakika. Kuna mafundi walioanza tena kwenye makontena yaliyowekwa kama maduka ya muda. Aiskrimu ya Maraş inauzwa, kama unataka kuwaunga mkono nunua ya kutoka kwao, sio ya kuiga.

Nataka kuanza kutengeneza na kuuza. Nitapata wapi salepu halisi ya Uturuki, na nikikosa niweke nini?

Halisi hutapata kwa njia ya halali, na ukiuziwa mtandaoni kwa bei ya kutupa jua ni unga wa mahindi wenye harufu. Uturuki wamepiga marufuku kupeleka nje viazi vya okidi za porini na unga wake, na okidi zote duniani zipo kwenye mkataba wa CITES, ule wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Sababu utaielewa ukijua inavyovunwa. Mmea mmoja una viazi viwili vidogo chini, kimoja kizee kimeshaliwa na mmea wenyewe, kingine kichanga chenye akiba ya mwaka unaofuata. Kinachotakiwa ni kile kichanga. Ukishakitoa mmea huo mwakani haupo, labda uwe na bahati. Viazi vinaoshwa, vinachemshwa, vinatungwa kwenye uzi kama shanga, vinakauka mpaka vinakuwa vigumu kama kokoto, ndo vinasagwa, na kilo moja ya unga inataka viazi kati ya 1,000 na 4,000. Kupanda upya nako ni shida, mbegu ya okidi ni vumbi tu haina chakula ndani, inategemea kuvu fulani wa kwenye udongo ili iote, alafu inachukua miaka kabla ya kutoa maua. Siku hizi kuna wakulima Uturuki wanaosaidiwa kuilima mashambani kwa kupandikiza viazi, inaenda polepole. Kwa hiyo hata ndani ya Uturuki aiskrimu nyingi ya bei nafuu haina salepu ya kweli au inayo ya kupakwa tu.

Wewe tumia unga wa konjaki. Ni kiazi cha Asia ya mashariki, kina glukomanani ileile, kinalimwa kwa wingi na hakimalizi msitu wa mtu. Ila uwe makini, ni mkali kuliko salepu, weka kidogo sana, uchanganye kwanza na sukari kavu ndo unyunyize kwenye maziwa huku unakoroga bila kuacha, ukimwaga kwa mkupuo utapata madonge ambayo hata ungepiga mpaka kesho hayavunjiki. Maziwa yenye mafuta mengi, ya mbuzi ukipata. Chemsha mpaka yawe mazito, yaache yapoe kabisa usiku kucha kwenye friji, ndo uyagandishe.

Kupiga usikwepe. Kama huna mashine, toa kwenye friza kila baada ya muda mfupi ukande kwa mwiko imara wa mbao, sio kijiko, kijiko kitapinda. Na kwenye kibao chako usiandike salepu wala Maraş, andika aiskrimu ya kuvutika, wateja watakuja kwa kuiona inavyovutwa.